Maswali ya Wasomaji: Demeter na Njaa Aliyoileta Duniani

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma mahali pawili habari za Demeter, mungu wa kike wa kilimo na mavuno wa Wagiriki wa kale. Mahali pamoja pameandikwa kwamba binti yake Persephone hukaa kuzimu miezi sita kila mwaka, na mahali pengine miezi minne, lakini pote wanakubaliana kwamba majira ya baridi huja kwa sababu mama huyo analia. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Hesabu zote mbili zimo katika maandishi ya kale, ila hazitoki katika andiko moja. Ile ya miezi minne, iliyotangulia kuandikwa, ni ya utenzi wa Kigiriki wenye mistari 495 wa kumsifu Demeter, ambao wataalamu wengi huuweka kati ya karne ya 7 na ya 6 kabla ya Kristo. Humo Persephone analishwa kwa hila punje moja ya komamanga na Hades, mtawala wa kuzimu, na kwa hiyo analazimika kukaa huko theluthi ya kila mwaka. Miezi sita inatoka kwa Ovid, mshairi wa Kirumi wa mwanzoni mwa karne ya 1 baada ya Kristo, aliyezifanya punje kuwa saba na kuugawa mwaka nusu kwa nusu.

Kuhusu kilio, naomba tusimame hapo kidogo, kwa maana wasimulizi wa siku hizi wamempunguzia Demeter hadhi yake. Utenzi unasema alimtafuta mwanawe siku tisa, mienge mikononi, bila kula wala kuoga, mpaka Helios, mungu wa jua, alipomfahamisha kwamba Zeus, mfalme wa miungu na baba wa binti huyo, ndiye aliyemtoa aolewe na Hades. Hapo aliyahama makao ya miungu, akajigeuza bibi kizee, akafika Eleusis, mji ulio karibu na Athens, na kuwa mlezi wa mtoto wa mfalme. Baadaye, alipokwisha kujengewa hekalu, alijifungia humo akazuia mbegu zisichipue: ng'ombe walikokota majembe bure, na shayiri iliyopandwa ikapotelea ardhini. Wanadamu wangeangamia kwa njaa, na wao wakiisha, miungu isingekuwa na wa kuitolea sadaka. Ndiyo maana Zeus aliituma miungu mmoja baada ya mwingine kumbembeleza kwa zawadi, naye akazikataa zote hadi amwone mwanawe kwa macho yake. Kwangu mimi, huyu ni mama ambaye hakuulizwa neno juu ya ndoa ya binti yake, akaitumia nguvu aliyokuwa nayo hadi akasikilizwa. Tena njaa hiyo inasimuliwa kuwa ilitokea mara moja tu. Utenzi hausemi popote kwamba hurudi kila mwaka, bali kwamba Persephone hupanda kutoka kuzimu wakati ardhi inapochanua maua.

Hata kalenda ya mkulima wa Ugiriki haiafikiani na hadithi ya kilio cha baridi. Ngano na shayiri zilipandwa mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, zikastawi katika miezi ya baridi, zikavunwa yapata Mei na Juni. Mashamba yalibaki makavu na matupu wakati wa joto. Kwa sababu hiyo wako wataalamu waliopendekeza kwamba kutoweka kwa Persephone ni ile miezi ya joto ambapo mbegu iliwekwa ghalani. Pendekezo hilo naliona linapatana vizuri na shamba, ingawa linagongana na maua ya utenzi.

SWALI: Ibada za siri za Eleusis zilihusu nini?

JIBU: Zilimhusu Demeter na binti yake. Kila mwaka, yapata Septemba, waumini waliandamana kutoka Athens hadi Eleusis, mwendo wa kilomita 20 hivi. Wanawake na watumwa waliruhusiwa, mradi mtu ajue Kigiriki na asiwe ameua. Walifunga, kisha wakanywa kinywaji cha shayiri, maji na mnanaa, kama kile alichokiomba Demeter alipokataa divai katika nyumba ya mfalme. Kuyatoboa yaliyoonekana ndani ya ukumbi kuliadhibiwa kwa kifo, na siri hiyo ilitunzwa mpaka ibada zilipokoma mwishoni mwa karne ya 4 baada ya Kristo. Utenzi wenyewe unamwita heri mtu aliyeyaona, kwa kuwa gizani kuzimu fungu lake halitafanana na la asiyeyaona.