Mizizi imefika mikavu, niiloweke yote?

SWALI: Salaam aleikum Bi Bustani. Mimi niko Maweni hapa Malindi. Mwezi uliopita niliona maua ya mwituni kwa simu nikayapenda nikaoda mizizi sita, nikalipa kwa M-Pesa, juzi ikaletwa na basi la Nairobi. Kufungua nikashtuka, hakuna udongo hata chembe, ni mizizi mitupu imefungwa kwa gazeti na lebo zimelowa hazisomeki ila moja tu, Echinacea, iko kwenye ile miwili ya nyuzi nyembamba za kahawia. Mingine miwili ni minene kama viazi vyenye shingo, na miwili ni kama vidole vilivyopinda. Jirani ananiambia nitie yote kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Muuzaji nae simu hashiki. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kama hiyo ndoo hujaijaza basi iache kwanza. Kuletwa bila udongo sio kosa, mimea mingi husafirishwa hivyo ikiwa imelala, yaani imepumzika haikui, inakuwa myepesi na haibebi wadudu wa udongoni, shida ni kwamba umepata aina tatu na kila moja ina yake.

Ile minene, vile ulivyoieleza, naona ni waridi la jangwani, Adenium, mbona hata vichaka vya pwani yetu limo. Hii ukiilaza majini usiku kucha utaamka na uozo. Bonyeza kwa kidole gumba: ikiwa imenywea tu kama ngozi ya mzee haina neno, ni kiu, lakini ikibonyea majimaji kama embe bovu na inanuka, kata hapo mpaka uone nyama nyeupe safi, upake unga wa makaa, alafu iweke kivulini siku nne tano hivi kidonda kikauke. Vaa glovu ama unawe sana mikono, utomvu wake ni sumu, sehemu nyingi za Afrika watu waliupaka kwenye mishale. Kisha panda kwenye mkebe uliotobolewa vizuri chini, mchanga mwingi udongo kidogo, na tafadhali mchanga usiuchote ufuoni una chumvi, tafuta wa mto, ule wa Sabaki. Ukishapanda kaa kama wiki nzima ndio utie maji. Najua mkono utawasha kumwagia, usimwagie!

Zile nyuzi ndio za ndoo, na hata hizo ni saa moja au mbili inatosha, sio usiku kucha. Kwaruza mmoja kwa ukucha, ndani ukiwa mweupe na unyevu bado uko hai. Chimba shimo, katikati ufanye kichuguu cha udongo na mboji, utandaze nyuzi pande zote kama mtu anayetandika ukili, na pale shina linapoanzia pawe sawa na uso wa udongo, ukizika chini zaidi panaoza. Maji ya kisima huko kwenu mara nyingi yana chumvi, kama una maji ya mvua tumia hayo. Ila nikwambie ukweli, Echinacea ni ua la nyika za Amerika Kaskazini, limezoea kulala wakati wa baridi kali na Malindi hiyo baridi haiko. Lipe jua la asubuhi na kivuli cha mchana, majani unaweza kupata, maua siwezi kukuahidi.

Sasa vile vidole, hapo ndio nina wasiwasi. Inafanana sana na Gloriosa, ua jekundu lenye kingo za njano kama moto, ndilo ua la taifa la Zimbabwe. Zuri kweli, lakini mzizi wake una sumu kali inaitwa kolchisini na kuna watu wameshaupika wakidhani ni kiazi kikuu, wakafa. Kwa hiyo leo leo utoe jikoni, mbali na watoto na mbuzi. Uulaze ubavu kina cha sentimita 5 mpaka 8, ile ncha usiivunje maana jicho liko hapo na likivunjika hakuna lingine, ngoja masika ianze, na mapema chomeka fito pembeni kwa sababu hupanda kwa kujishika na ncha za majani yake.