UTI Isiyokwisha Baada ya Hedhi Kukoma: Si Uchafu, Dada Zangu

Juzi dada mmoja wa Tanga kaniandikia. Ana miaka 58, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) haimbanduki, na mkwewe kaanza kumpigia vijembe vya usafi. Vijembe hivyo nimevila sana.

Mimi vilinikuta huku Ujerumani. Namaliza dozi ya antibayotiki, nakaa kidogo, mkojo unachoma tena. Nesi mmoja akanikalisha kunifundisha kujitawaza. Mimi, mtoto wa pwani, niliyezaa na kulea! Sijamsamehe mpaka leo.

Daktari wa wanawake ndiye aliyepima na kuniambia uke umekauka na ngozi yake imekonda kwa kukosa estrojeni, homoni ya kike. Akaniandikia krimu ya estrioli, aina mojawapo ya estrojeni. Homoni hii kwa kawaida mwili hutoa chembe tu, lakini mwanamke akibeba mimba kondo la nyuma huimwaga kwa wingi, kwa malighafi itokayo kwa mtoto mwenyewe tumboni. Ndiyo maana hupimwa katika damu ya mjamzito, pamoja na vipimo vingine, kukadiria uwezekano wa mtoto kuwa na Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili. Ni dhaifu kuliko estradioli, estrojeni kuu ya mwanamke, ila ukipaka ukeni inatosha: bakteria wazuri hurudi, asidi hurudi, vijidudu vya haja kubwa vinakosa pa kukaa. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti wa Israeli wa wanawake 93 waliokoma hedhi. Waliotumia estrioli waliugua wastani wa mara 0.5 kwa mwaka. Waliopewa krimu isiyo na dawa, mara 5.9. Sasa nani mchafu hapo?

Nilianza kila usiku kwa wiki chache, kisha mara mbili kwa wiki. Mwaka jana nimepanda basi Dar mpaka Tanga bila kumsumbua dereva asimame porini. Wenye ugonjwa huu wanajua huo ni ushindi gani.

Kwa hiyo dada, nenda ukapimwe, na useme neno uke kwa sauti, daktari si shemeji yako. Kama uliwahi kuugua saratani ya matiti au unatoka damu baada ya hedhi kukoma, liseme hilo kwanza. Acha sabuni za manukato na kujifukiza huko chini. Usiazime krimu ya jirani. Walioko Marekani, estrioli haijaidhinishwa huko. Ulizeni estradioli ya ukeni, nayo inafanya kazi hiyo hiyo. Na huyo mkwe mpe asome hapa, naye hedhi yake itakoma.