Gari la zamani lisimame kimo gani?

Kati ya barua za mwezi huu, tatu zimetoka Tanga na zote zinahusu kimo cha gari. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja litamfaa mwenzake.

Shikamooni mafundi. Nina Land Rover Series III fupi, usukani kulia, naitunza hapa Chumbageni. Nimefunga springi mpya zote nne, bushi mpya na yu-bolti mpya. Sasa upande wa dereva umekaa juu kuliko wa abiria, na mbele imenyanyuka. Fundi anasema nisubiri, itashuka yenyewe. Nisubiri? Na kimo sahihi napimia wapi?

Marahaba. Fundi wako yuko sahihi nusu tu. Springi za gari hilo ni bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, nasi tunaziita vipande; zikiwa mpya hukaa juu kidogo mpaka vipande vizoeane, na gari hushuka baada ya kutembea kilomita mia kadhaa. Ila linashuka pande zote mbili, kwa hiyo kuinamia upande hakutaondoka kwa kusubiri.

Kwanza ujue kwamba springi za Land Rover hiyo hazifanani kulia na kushoto. Ya dereva imepindwa zaidi kwa makusudi, kwa kuwa upande huo hubeba dereva na tangi la mafuta lililo chini ya kiti chake. Gari likiwa tupu na tangi limekauka, kukaa juu kidogo upande wa kulia si ugonjwa. Tangi hilo huchukua lita 45 hivi, na petroli ya kiasi hicho ina uzito wa kilo 33. Kama hutaki kujaza mafuta kwa ajili ya kupima tu, weka juu ya kiti cha dereva dumu la lita 20 lililojaa maji na jingine lenye lita 13. Tairi la akiba na jeki viwe mahali pake. Abiria wasiwepo.

Halafu sakafu. Nyua nyingi za saruji zimeteremshwa kuelekea mtaroni ili maji ya mvua yaondoke, na jicho halioni mteremko wa sentimita mbili. Chukua mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule unaopitisha mwanga, uangalie usawa pale yatakaposimama magurudumu manne. Palipo chini weka vipande vya vigae au mbao nyembamba mpaka pote palingane. Jaza upepo matairi yote kwa kipimo cha kitabu cha gari, kwa sababu tairi moja lililolegea linatosha kuharibu hesabu nzima.

Sasa pima, lakini usipimie madigadi. Bodi ya Land Rover imefungwa kwa bolti juu ya chesisi, na gari la miaka hamsini limeshafunguliwa na kufungwa mara nyingi. Madigadi moja kukaa sentimita moja juu ya mwenzake ni kawaida. Pima kutoka juu ya bomba la ekseli, lile linalounganisha magurudumu mawili, hadi chini ya chesisi, pale penye raba ya kuzuia ekseli isigonge. Kipimo hicho hakijali tairi wala bodi. Kinajali springi tu, na ndicho tunachokitaka.

Springi za vipande husuguana, na kwa upepo wa bahari wa Tanga kutu huingia katikati ya vipande na kuvikamata. Gari basi husimama pale msuguano ulipolishika, si pale springi inapotaka. Ndiyo maana kipimo kimoja hakiaminiki. Nyanyua bampa la mbele kwa mikono kadiri linavyokwenda, liachie taratibu, pima. Kisha likandamize chini, liachie lipande lenyewe, pima tena. Kimo cha kweli ni katikati ya vipimo hivyo viwili. Tuseme umepata milimita 128 na 116: andika 122. Fanya hivyo pembe zote nne. Vipimo viwili vya pembe moja vikiachana kwa zaidi ya milimita 20, vipande vimeshikana au bushi zimebana.

Na hapo kwenye bushi ndipo tunapoishuku gari yako. Bushi zake ni raba iliyogandishwa na bomba la chuma ndani yake. Nati ikikazwa, bomba hilo hubanwa lisizunguke tena, kwa hiyo springi inapocheza raba hujisokota. Nati zikikazwa gari likiwa juu ya jeki na ekseli inaning'inia, raba hupumzika katika hali hiyo ya kuning'inia. Ukilishusha gari, raba zote zinasokotwa kwa pamoja na kulisukuma lirudi juu. Mbele yako kunyanyuka kunaweza kutoka hapo. Baada ya muda raba hizo huchanika, mwenye gari akalaumu bushi feki.

Tiba ni hii: gari liwe chini kwa magurudumu yake, na uzito wa tangi uwepo. Legeza nati zote za macho ya springi (matundu ya ncha zake) na za vibao vya shako, vile vinavyoshika ncha moja ya springi kwenye chesisi, mpaka bolti izunguke kwa spana. Isiyozunguka imeshikwa na kutu ndani ya bomba; itoe, isafishe, ipake grisi. Litikise gari mbele na nyuma, lisukume mita tatu kwenda na kurudi ili matairi yajinyooshe, kisha ukaze nati palepale bila kulinyanyua.

Likibaki limeinama, tafuta kama kosa ni la mbele au la nyuma. Weka jeki moja katikati kabisa ya bamba la chesisi la mbele, nyanyua mpaka magurudumu ya mbele yaache ardhi kidogo tu, na asiingie mtu chini. Gari sasa limekaa juu ya springi za nyuma na nukta moja mbele. Likinyooka, kosa liko mbele. Likiendelea kuinama vilevile, liko nyuma. Ukishajua ni wapi, fungua jozi hiyo tu, zilaze springi ubavu sakafuni na uvute uzi kutoka jicho hadi jicho. Pima kutoka kwenye uzi hadi bamba kuu pale katikati. Yenye upinde mkubwa ndiyo ya dereva. Duka likikuuzia mbili zinazofanana, zirudishe.

Habari za kazi. Volkswagen Beetle yangu, ile ya ekseli za kubembea, imeshuka nyuma na magurudumu yameingia ndani kwa juu. Mbele nilipima kutoka chini hadi madigadi nikaona nako imeshuka sentimita moja na nusu. Nilibadilisha matairi mwaka jana, kutoka 165/80 R15 kwenda 195/60 R15. Nizungushe fimbo za tosheni meno mangapi?

Mbele usiguse kitu. Tairi la 165/80 R15 lina kipenyo cha milimita 645, la 195/60 R15 lina 615. Nusu ya tofauti ni milimita 15, yaani sentimita yako moja na nusu. Ukipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi utaona springi haijashuka. Rudisha tairi la kimo cha zamani kwanza.

Nyuma ni habari nyingine. Fimbo ya tosheni, ile ya chuma inayosokotwa na kufanya kazi ya springi, ina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni nyuzi 9, la nje ni nyuzi 8 na dakika 11 hivi (nyuzi moja ina dakika 60). Zungusha la ndani jino moja kuelekea huku na la nje jino moja kurudi kule, zinabaki dakika 49 tu, ambazo gurudumuni ni karibu milimita 6. Anayezungusha jino moja la nje peke yake hupandisha au kushusha gari zaidi ya sentimita 5, halafu anashangaa.

Usihesabu meno kwa kukisia. Gari likiwa juu ya stendi na bamba la springi, lile linalounganisha fimbo na ekseli, limeachiwa huru, bila kugusa kizuizi chake cha chini, pima pembe yake kutoka kwenye usawa wa chesisi, ulinganishe na pembe ya kitabu cha mwaka wa gari lako, maana zinatofautiana. Pande zote mbili zilingane. Kabla ya kufungua, piga alama ya patasi kwenye bamba na kwenye kichwa cha ekseli ili mwelekeo wa gurudumu urudi ulipokuwa. Jeki iwe chini ya bamba unapolivusha ukingo wa kizuizi. Lina nguvu ya kuvunja mkono. Bushi za raba zipake poda, si grisi. Fimbo ya kulia isiende kushoto, imeshazoea kusokotwa upande mmoja. Na usiikwaruze rangi: kwa hewa ya chumvi, mkwaruzo huzaa kutu, kutu huzaa ufa, na fimbo hukatikia hapo.

Usipitilize pia. Gari hilo likikaa juu mno nyuma, gurudumu la nje hujikunja chini ya bodi kwenye kona kali na gari linaweza kupinduka.

Peugeot 404, Muheza. Imelala nyuma. Nimeweka shokamzoba mpya, bado imelala. Jirani anasema nisokomeze raba katikati ya mizunguko ya springi.

Shokamzoba ya kawaida ya mafuta haibebi gari, inazuia mtikisiko tu. Springi ndiyo inayobeba. Zitoe zote mbili uzilinganishe urefu, kisha ukwangue kutu kwenye vikombe vinavyokaliwa na springi hizo. Kikombe kilicholiwa hushusha gari kama springi iliyochoka.

Raba ya jirani yako hufunga mizunguko miwili isifanye kazi, iliyobaki inafanya kazi ya zote, na springi hukatika kando ya raba. Kama ni lazima kuinua kidogo, weka bamba la raba chini ya springi nzima. Springi ikikaa juu ya ekseli yenyewe, milimita 10 za raba zinainua gari karibu milimita 10. Ikikaa katikati ya mkono unaoshika gurudumu, milimita hizo 10 zinakuwa 20 gurudumuni. Ukimaliza, rekebisha taa za mbele ukutani usiku, kwa sababu nyuma ikipanda mwanga hushuka barabarani.