Bilioni za sola za Sauzi hazijafika kwangu

Mdogo wangu kanitumia sauti ndefu. Kuna jamaa kawaambia kijiweni kwamba Wazungu wamemwaga dola bilioni 8.5 Bondeni, yaani huku Sauzi niliko, ili nchi iachane na umeme wa makaa ya mawe, kwa hiyo fundi umeme yeyote akitua Mpumalanga, jimbo la makaa hayo, anaokotwa stendi. Mwisho akaniuliza: "Kaka, mbona unatuficha?"

Nifiche nini? Hizo bilioni ziliahidiwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021, sehemu kubwa ni mikopo, na Marekani ilishajitoa 2025. Kituo cha umeme wa makaa cha Komati, hapo Mpumalanga, cha tangu 1961, kilizimwa Oktoba 2022. Waajiriwa wengi wa Eskom, shirika la umeme la huku, walihamishiwa kwingine. Walioachwa ni vibarua wa makandarasi na kina mama waliowauzia chakula. Hao ni wenyeji, wana vitambulisho, na bado wanasubiri. Kwenye foleni hiyo, wewe mtu wa Tandika, Dar, utasimama wapi?

Kazi ya sola ipo, nisiseme uongo, ndiyo iliyonilisha. Mwaka 2023 mgao wa umeme ulikuwa wa kuua, serikali ikatoa nafuu ya kodi hadi randi 15,000 kwa anayenunua paneli za nyumbani, tukawa juu ya mapaa ya watu Jumapili hadi Jumapili. Mwishoni mwa Machi 2024 mgao ukakoma. Mtaa mzima ulishangilia, nami nikashangilia, huku najua bosi hatapiga tena simu. Ndiyo maana mwaka ule hela ya nyumbani ilifika vipande vipande. Nasikia mlisema nimepata mwanamke.

Linaloniuma hasa ni karatasi. Nabeba paneli mimi, nafunga reli mimi, navuta nyaya, naunga inveta na betri. Kazi ikiisha anakuja fundi mwenye usajili, anapimapima kidogo, anasaini cheti cha usalama. Bila saini yake, bima ya mwenye nyumba inaweza kukataa kulipa. Saini ile inamwingizia kuliko jua langu la kutwa. Nikifungua mdomo naulizwa kibali cha kazi kiko wapi. Cheti changu cha VETA, chuo cha ufundi cha nyumbani, kimelala begini.

Kwa hiyo usije. Pasipoti yetu inakupa siku 90 za kutembea, si za kupanda mapaa. Zikiisha, kila gari la polisi litakuwa lako. Soma sola huko huko, ada nitatuma.

Na ukija, maana kichwa chako nakijua, njia za panya sitaki kuzisikia. Njoo na kibali mkononi, vyeti vimeshahakikiwa, na jaketi zito, Julai hapa nyasi zinaamka nyeupe kwa baridi. Utalala kwangu. Ila kodi tutagawana nusu kwa nusu tangu mwezi wa kwanza, na mama asijue kwamba mimi ndiye niliyekukaribisha.