Nani humpangia bosi wa Nike malipo yake? Maswali ya wasomaji

Wiki iliyopita niligusia kwamba kampuni kubwa za nguo na viatu za Marekani hulazimika kutangaza kila mwaka wanachowalipa wakubwa wao. Maswali yakamiminika, mengi kuhusu Nike, labda kwa sababu alama yake imejaa miguuni mwetu, ya kweli na ya bandia. Nimechagua haya.

Naomba hesabu. Mkubwa wao anapata ngapi? Na mimi niuzaye viatu vya mtumba, kuna senti yangu humo? – Mama wa sokoni, Malindi

Nianze na la mwisho, mama: hamna. Kiatu kile walikila faida yake siku kilipouzwa kipya. Unachopata wewe ni chako na cha aliyekuuzia belo.

Sasa hesabu. Elliott Hill alipoteuliwa kuongoza Nike mwaka 2024, mkataba wake ulitaja mshahara wa dola milioni 1.5 kwa mwaka. Tukihesabu dola kwa Sh130, hiyo ni kama Sh milioni 195. Lakini mshahara ndio fungu dogo. Akifikia malengo, bonasi yake ni mara 2 ya mshahara huo, na juu yake yapo malipo ya muda mrefu yaliyokadiriwa dola milioni 15.5, ambayo hutegemea sana hisa. Jumla inafika dola milioni 20, na mshahara wenyewe hautimizi hata sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ukisikia bosi fulani "kapunguza mshahara wake" kwa kuwahurumia wafanyakazi, uliza na hisa zake zimepunguzwa ngapi.

Nimesoma kwamba aliyemtangulia, John Donahoe, alilipwa dola milioni 32.8 mwaka wa fedha 2023. Mwaka uliofuata hisa zikaanguka. Je, alirudisha? – Mwanafunzi wa biashara, Mpeketoni

Hakuna sheria iliyomtaka arudishe, mwanangu. Kanuni ya kurudisha malipo iliyoanza kutumika 2023 inahusu kampuni iliyokosea vitabu vyake vya hesabu ikalazimika kuvisahihisha. Hisa kushuka tu si kosa la vitabu.

Ila elewa na hili, maana wengi huteleza hapa: zile milioni 32.8 hazikuwa fedha zote mkononi. Sehemu kubwa ni thamani iliyokadiriwa siku alipopewa hisa na haki za kununua hisa. Hiyo haki iko hivi. Leo kofia ya mkono inauzwa Sh5,000, nami nakuahidi kwamba miaka ijayo utaweza kuinunua kwangu kwa bei hiyohiyo. Kofia ikipanda hadi 8,000, una 3,000 za bure. Ikishuka hadi 3,000, ahadi yangu haikufai kitu, na hupotezi chako. Hisa ya Nike ilipita dola 170 mwishoni mwa 2021. Tarehe 28 Juni 2024 ilianguka kwa karibu asilimia 20 kwa siku moja, ikafunga karibu dola 75. Aliyepewa haki ya kununua kwa bei ya 2021 alibaki ameshika karatasi. Ndiyo maana tangu 2022 Marekani inazitaka kampuni zionyeshe pia, kwa jedwali, jinsi malipo hayo yalivyobadilika kulingana na bei ya hisa. Jedwali hilo ndilo la kulisoma, si kichwa cha habari.

Lakini usimwonee huruma kupita kiasi. Mwanahisa wa kawaida alinunua kwa fedha zake, naye hasara yake ni ya kweli.

Mimi nashona kofia, moja hunichukua miezi. Katika hizo hesabu zao, washonaji wako wapi? – Mshonaji wa Langoni, Lamu

Dada yangu, hili ndilo swali lililonikosesha usingizi. Kanuni ya Marekani iliyopitishwa 2015 inaitaka kampuni iwapange wafanyakazi wake kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, imchukue aliye katikati kabisa, kisha itangaze bosi anamzidi mara ngapi. Kwa Nike, mwaka wa fedha 2023, wa katikati alipata dola 33,646. Bosi alimzidi mara 975.

Watu wakapiga kelele, na walikuwa na haki. Lakini aliyeshona kiatu hakuwa kwenye mstari huo kabisa. Nike haimiliki viwanda vinavyomtengenezea viatu. Huagiza kwa kampuni nyingine, nusu hivi ya viatu ikitoka Vietnam. Viwanda hivyo vina wafanyakazi zaidi ya milioni 1, na kanuni inahesabu walioajiriwa na kampuni yenyewe na matawi yake tu. Fundi wa kiwandani ni mtu wa mwingine.

Nilijaribu hesabu yangu, na ni mfano tu: kibarua wa kawaida wa Nairobi au Mombasa, aliyewekewa kima cha chini cha Sh15,201 kwa mwezi mwaka 2022. Mweke huyo katikati ya mstari, na ule uwiano unapita 20,000 kwa 1. Sisemi anawashonea Nike. Nasema namba 975 imetokana na kuamua nani ahesabiwe.

Kwenye sako yetu, posho za kamati hupitishwa na mkutano mkuu. Huko kwao nani hupitisha? – Mwanakamati, Malindi

Kamati ya bodi hupanga, ikisaidiwa na mshauri wa kulipwa anayelinganisha na kampuni nyingine kubwa. Kila bodi ikitaka bosi wake asiwe chini ya wenzake, kiwango hupanda kila mwaka chenyewe. Wanahisa hupiga kura, haki iliyoletwa na sheria ya 2010, lakini ni ya ushauri tu. Wakikataa wote, bodi inaweza kulipa vilevile.

Na nani huchagua bodi? Nike ina hisa za aina mbili. Daraja A, zilizo nyingi mikononi mwa kampuni iliyoanzishwa na Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa Nike, huchagua robo 3 ya wakurugenzi. Zile zinazouzwa sokoni huchagua robo iliyobaki. Kamati yenu, kaka, ingependa sana mpango huo.

Na wakurugenzi wa bodi wenyewe? – Msomaji, Shela

Katika kampuni kubwa za Marekani, zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka kwa wastani, zaidi ya nusu kwa hisa, kwa kazi isiyo ya kila siku. Bosi mkuu akikaa kwenye bodi kwa kawaida haongezewi kitu kwa kiti hicho.

Je, Kenya tunaweza kuona haya? – Mstaafu, Mokowe

Naam, mzee wangu. Sheria ya Kampuni ya 2015 inazitaka zilizo kwenye soko la hisa zichapishe ripoti ya malipo ya wakurugenzi ndani ya ripoti ya mwaka, nazo hupatikana bure kwenye tovuti zao. Anzia nyuma ya picha za mwenyekiti.