Mjomba Hajafungwa, wala Hajapewa Hela za Bure

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa ndani ya gari nje ya kazini, zimebaki dakika nane niingie zamu ya usiku. Unasema huko kuna habari mbili juu yangu. Ya kwanza: mjomba kafilisika, mahakama ya Marekani imemkalia kooni, atafungwa au atarudishwa na begi moja. Ya pili ndiyo iliyonichefua: mjomba kajaza fomu tu, madeni yote yakafutwa, sasa anakula maisha. Halafu ukashusha sauti ukauliza la kwako: kama ni rahisi hivyo, kwa nini mtu asikope kwenye kadi zote za mkopo, atume hela nyumba iishe, kisha ajitangaze muflisi?

Nitakujibu, ila usitegemee mpangilio. Nina usingizi na nina hasira kidogo.

Kufungwa, hapana. Serikali ya shirikisho iliacha kufunga watu kwa deni tangu 1833. Wanachofanya wanaokudai ni kukupeleka mahakamani kwa kesi ya madai, na wakishinda mshahara unaweza kukatwa kabla haujakufikia, hadi robo ya kinachobaki baada ya makato ya lazima. Kurudishwa nako ni maneno ya watu. Kufilisika peke yake hakukunyang'anyi ukaazi, na wala si lazima uwe raia ndipo ufungue jalada la kufilisika mahakamani. Kinachoharibu makaratasi ya mtu ni uongo chini ya kiapo. Hilo lishike, nitalirudia.

Sasa hiyo "fomu tu". Kwanza unafanya somo la ushauri wa madeni, ndani ya siku 180 kabla ya kufungua jalada. Ukishafungua, somo jingine, bila hilo hufutiwi kitu. Ada ya mahakama ni dola 338 kwa njia niliyopita mimi, wanayoiita Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika, na wakili ana bei yake. Ndiyo, unalipia kufilisika. Hata mimi nilicheka. Kisha wanapima kipato chako cha miezi sita iliyopita, wakilinganisha na kipato cha kati cha watu wa jimbo lako wenye kaya kama yako. Ukizidi, unaweza kuambiwa uende Sura ya 13, ulipe kidogo kidogo miaka mitatu hadi mitano. Mimi nilipita chini ya mstari. Wakili aliponiuliza tuko wangapi nyumbani, nikaanza kuwahesabu ninyi kwa vidole. Akanikatiza kwa upole: wanaolala chini ya paa lako. Akaandika: mmoja.

Nilifikaje huko? Ugonjwa wa kidole tumbo ulinilaza hospitali wakati niko kati ya kazi mbili, bila bima. Watu wakisikia hivyo wananihurumia, nami huwaacha wanihurumie. Lakini bili ya hospitali ilinisukuma tu. Kadi ndizo zilizoniangusha. Msiba ulipotokea nilitoa fedha taslimu kwenye kadi nikatuma. Ada yako ya muhula, vilevile. Ujue fedha taslimu za kadi zinaanza kuzaa riba siku ileile unapozitoa, hazina muda wa neema kama unaponunua dukani. Nikawa nalipa kadi kwa kadi. Simu za mawakala wa kukusanya madeni zikaanza. Sheria inawakataza kupiga kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa tatu usiku, ili mtu alale. Mimi nalala mchana. Aliyeitunga hakumfikiria mtu wa zamu ya usiku.

Siku jalada lilipofunguliwa simu zilikoma, maana hapohapo kunakuwa na zuio na wadai hawaruhusiwi kukugusa wala kukutafuta. Nililala saa tisa mfululizo. Hilo sitakudanganya, lilikuwa tamu.

Lakini kinachoniuma si hapo. Ni fomu yenyewe.

Kuna ukurasa unauliza: katika miaka miwili iliyopita, umempa nani zawadi zinazozidi dola 600? Jina, uhusiano, kiasi, tarehe. Mimi sikuwahi kuita zile hela zawadi. Zawadi ni kitu cha sikukuu. Nikakaa na risiti za kutuma pesa zimejaa meza, nikaanza kuandika. Bibi yako, mama. Mama yako, dada. Kisha wewe, mpwa, ada ya shule. Jina lako limo, kwenye jalada la mahakama ya Marekani, na mtu yeyote mwenye kulipia kidogo anaweza kulifungua akalisoma. Nilipofika kwa bibi yako kalamu ilisimama. Kiasi cha mwaka mzima kikikaa mahali pamoja kinatisha, na wakati huohuo ni aibu kwa udogo wake, ukigawa kwa miezi.

Ukurasa mwingine unataka mali zako zote. Si za hapa tu, popote duniani, hata kama zimeshikwa na mtu mwingine kwa ajili yako. Nikanyamaza. Wakili akaweka kalamu chini, akaniambia, wateja wake wengi wa nje wananyamaza hapo hapo.

Kile kiwanja, unakijua. Hela nilituma mimi, zamani, kabla hata ya kuugua. Hati ina jina la mama yako, kwa sababu ndiye aliyekuwepo wa kusaini na kwa sababu nilimwamini. Wakili akasema: andika, eleza, leta nakala. Nikampigia mama yako usiku wa kwenu. Nikamwambia, dada, nitumie picha ya hati. Akauliza, ya nini? Hapo ndipo nilipokosea. Niliona haya kusema nimefilisika, nikasema kuna kitu cha ofisi. Akanyamaza kidogo, akasema sawa. Picha ikaja kesho yake, kidole gumba chake kimefunika kona penye namba ya kiwanja. Sijui kama kilifunika kwa bahati mbaya. Sikuomba nyingine.

Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Nadhani anaamini nataka kukiuza. Na kama uvumi wako ulianzia mahali, huenda ulianzia kwenye uongo wangu huo.

Kikao chenyewe cha kuhojiwa kilikuwa cha Zoom, chini ya dakika kumi. Niko ndani ya gari, nimevaa sare ya kazi. Msimamizi, yule anayekagua jalada na kutafuta mali ya kuwalipa wadai, akaniambia niinue mkono wa kulia niape, nimwonyeshe kitambulisho. Akauliza: una mali yoyote nje ya Marekani? Nikasema ndiyo. Akaitazama ile picha yenye kidole, akauliza thamani, nani anakitumia, kilinunuliwa lini. Akaona gharama ya kukifuatilia huko inazidi faida, akaendelea na swali jingine. Miezi kama miwili baadaye amri ya kunifutia ikatoka. Ningesema sina mali, na siku moja ikajulikana, kuficha mali kwenye kesi hizi ni kifungo cha hadi miaka mitano. Jela unayoisikia huko iko hapo.

Basi turudi kwenye mpango wako. Kukopa ukijua hutalipa ni utapeli, na deni la utapeli mdai akilipinga halifutiki. Fedha taslimu nyingi ulizotoa kwenye kadi ndani ya siku 70 kabla ya kufungua jalada, sheria inaanza kwa kudhani ulikusudia kudhulumu. Ulichogawa bure huku huwezi kulipa madeni, msimamizi anaweza kukifuata kwa uliyempa. Ukimlipa ndugu deni lake ndani ya mwaka mmoja kabla, hata hilo msimamizi anaweza kumdai ndugu huyo alirudishe. Nyumba ikaisha, kisha mahakama ikamwandikia bibi yako barua? Acha.

Na si kila deni linakufa. Matunzo ya mtoto yanabaki. Kodi za karibuni zinabaki. Mkopo wa masomo, karibu hauondoki kabisa, mpaka uthibitishe dhiki ya kupita kiasi, na hilo si jepesi. Wewe unayeniuliza habari za kuja kusoma, sikia hilo mara mbili. Mdhamini naye hakombolewi na Sura ya 7: mwenzangu wa kazini alinidhamini gari, mimi ningefutiwa wakamgeukia yeye, kwa hiyo gari naendelea kulilipa. Usije ukaniomba nikudhamini. Au niombe, lakini niombe uso kwa uso.

Watu watakuambia kufilisika ni aibu, usifanye kamwe. Sikubaliani nao. Mimi nilichelewa miaka miwili kwa ajili ya aibu, na katika miaka hiyo nilivunja akiba yangu ya uzeeni kulipa kadi. Ile akiba iliyo kazini msimamizi asingeigusa. Nilimwaga maji safi kwenye ndoo iliyotoboka. Ukizama, nenda kwa wakili mapema, na usilipe chochote kwa yeyote kabla hujamwona. Ila usizame.

Rekodi yangu ya mikopo inalo doa hili miaka 10 tangu siku ya kufungua jalada. Nikitafuta chumba, naulizwa. Ajabu ni kwamba wiki chache baada ya amri bahasha za kadi mpya zilianza kujaa sandukuni. Wanajua siwezi kufutiwa tena kwa Sura ya 7 mpaka ipite miaka 8. Nazichana bila kufungua. Moja niliifungua.

Na kutuma hela? Wakili aliniambia nipunguze, kwenye orodha ya matumizi ya mwezi kuna mstari wa watu unaowasaidia ambao hawaishi nawe, na tuliandika kiasi kidogo cha kweli. Mtu mwenye deni hatumi hela asizonazo, hiyo ndiyo kauli yangu kwako na kwa kila anayekuja. Ada yako ya muhula huu itaingia Ijumaa. Kutoka kwenye mshahara, si kadi.

Wale wa habari mbili wasomee barua hii ukitaka, lakini usianze na wao. Anza na mama yako. Sehemu ya kiwanja msomee taratibu, umwambie mjomba hakiuzi, aliulizwa tu akasema kweli. Akikaa kimya muache. Mimi natoka saa moja asubuhi ya huku, simu nitaiacha wazi.