Ukishusha giaboksi ya Defender, usibadilishe pleti ya klachi peke yake

Klachi ilinifia Ngare Sero, njia ya Mto wa Mbu kwenda Loliondo, msimu wa mvua. Pedali ilizama hadi chini, gia zikagoma kuingia. Gari ni Land Rover Defender 110, injini ya 300Tdi, na miezi minne tu kabla ya hapo nilikuwa nimeweka pleti mpya. Fundi aliniuliza siku ile kama tuweke na foki mpya, yaani ule mkono wa chuma unaosukuma beringi ya klachi ukikanyaga pedali. Nikaishika ya zamani mkononi, nikaiona nzima, nikamwambia airudishe.

Foki ndiyo iliyotoboka. Kwenye magari haya inakaa juu ya kidude cha chuma chenye kichwa cha mviringo, na kila ukikanyaga klachi inasuguana nacho mahali pale pale. Bati linakuwa jembamba hadi kichwa kinapenya upande wa pili, na ukikanyaga tena hakuna kinachosukuma beringi. Ukiitoa, igeuze, uchunguze kile kishimo kwa nyuma. Nunua nyingine iliyoongezewa bati, au chomelea kipande cha chuma mgongoni mwa hiyo mpya kabla haijaingia.

Kutoka porini nilizima injini, nikaweka transfa (giaboksi ndogo ya pili) kwenye loo, upande wa nguvu na mwendo mdogo, na gia ya kwanza, nikapiga stata hivyo hivyo. Gari likaondoka lenyewe, polepole, likawaka. Jifunze hili kabla hujalihitaji, na uhakikishe hakuna mtu mbele yako.

Kabla ya kushusha chochote, jua ni ugonjwa gani. Klachi ikiteleza, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani, na harufu ya kuungua inaingia ndani: pleti imeisha au imelowa oili. Klachi isipoachia, gia zinakwaruza, na rivasi ndiyo inayokwaruza zaidi: anza na mafuta kwenye kikopo cha masta, kisha silinda ya chini ubavuni mwa giaboksi. Raba ya silinda ikivuja, giaboksi haina kosa.

Ikibidi kushusha, ni kazi kubwa. Giaboksi na transfa yake vinazidi kilo 100, na lazima utoe sakafu, propela zote mbili, waya wa hendibreki na chuma kinachokatiza chesisi. Gharama iko hapo, kwenye jasho. Kwa hiyo weka vyote kwa mara moja: pleti, presha (sahani inayoikandamiza pleti), beringi, foki, bushi ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na oili sili ya nyuma ya injini. Vumbi la pleti ya zamani usilipulize kwa kompresa, lifute kwa kitambaa kibichi.

Presha mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Ifute kwa petroli mpaka kitambaa kitoke kisafi. Soma maandishi kwenye pleti, upande mmoja ndio unaoelekea flaiwili. Kuiweka katikati, fundi wangu alichonga kijiti cha mpera, akakipima kwenye bushi, akakipunguza tena kwa kisu, mpaka kikaingia bila kucheza. Giaboksi ilipopanda iliteleza mpaka mwisho bila kulazimishwa. Kamwe usiiache ining'inie kwenye pleti wakati unatafuta bolti. Pleti itapinda katikati na utarudia kazi yote.

Kwenye tope na milima ya mawe ingia loo mapema. Inazidisha nguvu zaidi ya mara 2, na klachi inashika haraka badala ya kusuguliwa. Kuzishikilia tani mbili mlimani kwa nusu klachi kunaunguza pleti mpya kwa siku moja.

Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu lenye kifuniko cha kufunga kwa skrubu, cha kuzuia maji unapovuka mto. Ukishavuka, kifungue. Oili ikidondoka hapo, igusie kidole: nyeusi ya dizeli ni ya injini, ile nyingine ni ya giaboksi. Changu nakihifadhi kwenye boksi la spana, kimefungwa kwenye kitambaa, na kila nikivuka mto ndicho cha kwanza kutoka.